Ukitapika na kuchoka, pima mimba na malaria siku moja

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wasomaji wa Busia, Malaba, Tororo, Mbale, Arua na popote Uganda Kiswahili kinakozungumzwa, sokoni na kambini, kuhusu wiki za mwanzo za ujauzito. Sisi ni wakunga. Hoja yetu ni hii: mwanamke aliye katika umri wa kuzaa akisikia uchovu, kichefuchefu, kichwa kuuma na mwili kuchemka, apimwe mimba na malaria siku hiyohiyo, kabla hajameza kidonge. Kupima kimoja na kuacha kingine kunawalaza wodini kinamama ambao wangekuwa nyumbani wakinywa uji wao wa wimbi.

Dalili hizi zinafanana kwa sababu inayoeleweka. Kati ya siku ya 6 na ya 10 baada ya yai kurutubishwa, mimba hujishikiza ukutani mwa mji wa mimba na kuanza kutoa homoni iitwayo hCG. Mwanzoni kiasi chake huongezeka maradufu kila baada ya siku 2 au 3, kinafika kileleni kati ya wiki ya 8 na ya 11, kisha kinashuka. Sambamba nayo hupanda projesteroni, ambayo hulegeza misuli ya ndani. Utumbo unasukuma chakula polepole, ndiyo sababu ya gesi na choo kigumu. Mlango wa juu wa tumbo haufungi sawasawa, kiungulia kinaingia. Mishipa ya damu inatanuka, mama akisimama ghafla macho yanaingia giza. Usingizi wa saa nane mchana unamkamata hata kama hakuamka mapema. Matiti yanajaa na kuuma, chuchu hazitaki kuguswa na nguo, na haja ndogo inambana mara kwa mara.

Projesteroni hiyohiyo hupandisha joto la mwili kidogo, kama nusu nyuzi hivi. Hapo ndipo mwanamke anaposema "nina homa" ilhali kipima joto cha kwapani kinasoma 37. Homa ya kutiliwa shaka inaanzia 37.5. Kila nyumba ingefaa iwe na kipima joto, maana kiganja kwenye paji la uso hakisomi nusu nyuzi.

Sasa fuata njia ambayo wengi hupita. Anaanza na duka la dawa lililo karibu. Anasema anachoka na anatapika, anapewa dawa ya malaria bila kutobolewa kidole. Siku ya nne bado anatapika. Anaambiwa ni taifodi, anapimwa damu kwa kipimo cha Widal, ambacho huweza kuonyesha alama za maambukizi ya zamani hata kwa mtu mzima wa afya, na kinasoma "ndiyo". Anaondoka na siprofloksasini, pengine doksisaiklini pia. Tumbo linazidi kuchafuka kwa sababu dawa hizo zenyewe zinaleta kichefuchefu. Akirudi anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Kufika hapo yuko wiki ya 8 au ya 9, hedhi haijaja mara mbili, na hakuna aliyemuuliza swali la kwanza: siku zako ulizipata lini mara ya mwisho?

Doksisaiklini hatumpi mjamzito. Diklofenaki na ibuprofeni tunaziepuka. Maumivu yatulizwe kwa Panadol, vidonge 2 vya miligramu 500, visizidi 8 kwa siku. Dawa za minyoo zingoje hadi miezi mitatu ya kwanza ipite. Fangasi za ukeni zitibiwe kwa vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni, flukonazoli ya kumeza isubiri. Mwenye kifafa anayetumia valproeti asiiache ghafla, kwa kuwa degedege nalo linaua, lakini amwone daktari wiki hiyohiyo ili abadilishiwe dawa, kwani valproeti huharibu uti wa mgongo na ubongo wa mtoto katika wiki hizi hasa. Mwenye ARV, yaani dawa za virusi vya UKIMWI, aendelee nazo bila kuruka hata siku moja.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Mwanamke anajua ana mimba, anatetemeka usiku, viungo vinauma, na watu wa nyumbani wanamwambia "ni mimba tu, vumilia". Ujauzito hupunguza kinga ya mwili dhidi ya malaria, hata kwa mtu aliyekulia huku na kuumwa nayo mara nyingi utotoni. Malaria ya mjamzito hula damu haraka, hushusha sukari mwilini na inaweza kuharibu mimba. Kutapika kwa mimba hakuleti baridi ya kutetemesha wala joto la 38. Akiona hayo, apimwe damu siku hiyo, mchana au usiku.

Kuhusu kipimo cha malaria cha haraka, kuna jambo ambalo wauzaji wengine hawalisemi. Kipimo hicho kinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kama ulitibiwa malaria mwezi uliopita, mweleze mpimaji ili damu yako itazamwe kwa hadubini. Vinginevyo utatibiwa ugonjwa ulioisha, na kutapika kwako kutabaki palepale.

Ikithibitika ni malaria isiyo kali, dawa ipo hata kwa mimba changa. Zamani miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya kwinini, na kinamama waliikimbia kwa sababu ya masikio kuvuma na kichefuchefu juu ya kichefuchefu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artemetha-lumefantrini, ile inayojulikana kwa jina la Coartem, itumike tangu miezi hiyo ya kwanza. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3. Dozi ya pili inamezwa saa 8 baada ya ya kwanza, si kesho yake asubuhi. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, maziwa, karanga zilizosagwa au parachichi, kwa sababu bila mafuta tumbo hulifyonza vibaya kiungo chake cha pili. Akiitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi ile. Akitapika kila anachomeza, au akichanganyikiwa, au akianguka degedege, hiyo ni malaria kali: anahitaji sindano ya atesuneti, ambayo mjamzito wa mwezi wowote hupewa.

Fansida ni jambo jingine, na watu wanalichanganya. Ile ni kinga ya malaria, inaanza wiki ya 13, vidonge 3 kwa mkupuo mbele ya mkunga, na kurudiwa kila baada ya mwezi mmoja au zaidi. Haimezwi wiki ya 7 "ili kujikinga mapema". Mwenye kutumia Septrini kwa sababu ya virusi hapewi fansida, kwa kuwa dawa hizo ni ndugu na madhara yake yanajumlishana.

Turudi kwenye kipimo cha mimba, maana kijikaratasi kile rahisi kinakosewa mno. Tumia mkojo wa kwanza wa alfajiri, ambao haujachanganyika na maji mengi. Chombo kiwe kikavu na kisicho na mabaki ya sabuni. Soma tarehe ya mwisho kwenye pakiti. Usichane pakiti mpaka mkojo uwe tayari, kwa sababu unyevu wa hewa unakiharibu. Kilichokaa kwenye kibanda cha mabati chini ya jua la mchana nacho hakiaminiki. Tumbukiza upande wenye mishale, usivuke mstari ulioandikwa MAX, uhesabu sekunde zilizotajwa kwenye pakiti, mara nyingi 5 hadi 10. Kilaze juu ya kitu bapa. Soma kati ya dakika ya 3 na ya 5. Baada ya dakika 10 usikisome tena, kwani mkojo ukikauka unaweza kuacha kivuli kinachofanana na mstari.

Mistari miwili ni mimba, hata wa pili ukiwa hafifu kiasi cha kukulazimu usogee dirishani. Mstari wa juu pekee maana yake hakuna mimba, au umepima mapema mno. Wa juu usipotokea, kipimo kimekufa, chukua kingine. Ukipata "hapana" na hedhi bado haijaja, rudia baada ya siku 3, kisha baada ya wiki. Dawa za malaria na ARV hazibadilishi jibu. Chumvi, sukari na dawa ya meno walizosema mtandaoni hazipimi kitu. Na ujue kuwa mwanamke aliyeharibikiwa na mimba anaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa wiki 2 hadi 4, kwa hiyo mstari huo peke yake usimpe tumaini wala hofu.

Jambo linalovunja nyumba nyingi katika wiki hizi ni hesabu. Mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani kama wiki 2 kabla haijatunga. Chukua mume dereva wa lori aliyerudi kutoka Juba tarehe 24 Machi. Hedhi ya mwisho ya mkewe ilianza tarehe 10 Machi. Tarehe 21 Aprili wanakwenda kliniki, mkunga anaandika kwenye kadi "wiki 6". Mume anahesabu vidoleni: nimerudi wiki 4 zilizopita, hizi mbili nyingine ni za nani? Hakuna wa kushtakiwa. Yai lilipevuka kama siku 14 baada ya hedhi kuanza, yaani tarehe 24 Machi ileile. Skani nayo hutumia hesabu hii, kwa hiyo kwenda kupiga skani ili "kumkamata" mke kutaleta jibu lilelile la wiki 6. Tunawaomba wakunga wenzetu walieleze hili kabla ya kuandika namba kwenye kadi, hasa mume akiwa amekaa pale pale. Siku ya kujifungua hupatikana kwa kuongeza siku 7 na kurudi nyuma miezi 3: kutoka 10 Machi tunapata 17 Desemba.

Kichefuchefu chenyewe huwapata kama wanawake 7 hadi 8 kati ya 10. Huanza karibu wiki ya 6, hukolea wiki ya 9, na kwa wengi hupungua kati ya wiki ya 12 na ya 14. Asiyekipata asihofu, mimba yake si pungufu. Mwaka 2023 watafiti walichapisha katika jarida la Nature ushahidi kwamba homoni nyingine, GDF15, inayomwagwa kwa wingi na mimba, ndiyo inayoamsha sehemu ya ubongo inayoleta kutapika, na kwamba mwanamke aliyekuwa nayo kidogo kabla ya kushika mimba ndiye anayeteseka zaidi. Tunalitaja kwa sababu wapo wanaoambiwa wamelogwa, wanadeka, au mtoto anamkataa baba yake. Mwili wake umekutana na kitu ambacho haujakizoea. Hilo ndilo lililotokea.

Nini kinasaidia? Tumbo lisiwe tupu na lisijazwe. Usiku aweke karibu na kitanda kitu kikavu: kipande cha muhogo wa kuchoma, kiazi kitamu kilichopoa, biskuti isiyo na sukari nyingi au chapati kavu. Ale kidogo kabla hajainua kichwa, akae dakika 15, ndipo asimame taratibu. Kisha ale kidogo kila baada ya saa 2. Maji anywe katikati ya milo, funda kwa funda, asiyachanganye na chakula. Chakula kilichopoa kina harufu ndogo kuliko cha moto. Mukene, yaani dagaa, unaokaangwa jikoni, moshi wa sigiri na kitunguu kinachoungua ni vitu vinavyomwangusha mwanamke wa wiki ya 8. Mtu mwingine apike, au sigiri isogezwe mbali na dirisha la chumba chake. Tangawizi mbichi kipande cha urefu wa kidole gumba, kipondwe na kuchemshwa dakika 10 katika vikombe viwili vya maji, kinywewe mara mbili kwa siku. Mate yakijaa mdomoni, asione haya kuyatema, ila ayarudishie mwili kwa maji. Akitapika asukutue kwa maji na kungoja nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa kuwa asidi imelainisha meno.

Haya yasipotosha, vitamini B6 ipo. Ni pairidoksini ileile wanayopewa wagonjwa wa kifua kikuu wanaotumia isoniazidi. Kwa kichefuchefu hutumika miligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku. Angalia nguvu ya kidonge kabla ya kumeza, vya 50 hukatwa nusu. Zaidi ya hapo kuna promethazini na metoklopramidi, ambazo ziandikwe na mhudumu wa afya. Ya pili isizidi siku 5, maana huweza kukaza shingo na kupindua macho.

Vidonge vya damu, vile vyenye madini ya chuma na foliki, huongeza kichefuchefu vikimezwa asubuhi. Vimezwe usiku baada ya kula. Chai isinywewe saa moja kabla wala saa moja baada, kwa sababu hulizuia lile chuma kuingia mwilini. Foliki tunaisisitizia kuliko kitu kingine katika kipindi hiki: mfereji unaokuwa uti wa mgongo na ubongo wa mtoto hufungika siku ya 28 baada ya kutunga, wakati ambao kinamama wengi bado wanangoja hedhi. Anayepanga kushika mimba aanze miligramu 0.4 kwa siku miezi mitatu kabla. Foliki inayouzwa peke yake madukani mara nyingi ni ya miligramu 5. Hiyo ni ya watu maalumu, na haifai kwenda pamoja na fansida kwa kuwa huipunguzia nguvu.

Kuna kutapika kunakotoka nje ya kawaida, na hapo uji na tangawizi vimefika mwisho. Anashindwa kuhifadhi hata maji kwa siku nzima. Mkojo umekuwa wa rangi ya chai kavu, au hajapata haja ndogo kwa saa 8. Uzito umepungua zaidi ya 5 kwa 100: aliyekuwa kilo 60 sasa yuko chini ya 57. Njiani kwenda kituoni anyweshwe kijiko kwa kijiko maji ya ORS, au lita moja ya maji safi yenye vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Kwa wenzetu wa kliniki ndogo tunasema waziwazi: msianze na dripu ya sukari. Mtu aliyetapika wiki nyingi ameishiwa vitamini B1, na sukari inayoingia ghafla humaliza hiyo iliyobaki na inaweza kumharibu ubongo. Maji ya chumvi kwanza, B1 miligramu 100, sukari baadaye. Kutapika kupita kiasi kukiandamana na damu na tumbo lililo kubwa kuliko wiki zake, apigwe skani: huenda ni mapacha, huenda ni mimba ya zabibu, ambayo haina mtoto na lazima isafishwe hospitalini.

Hisia nazo zina wakati wake, na zinapuuzwa kuliko tumbo. Katika wiki hizi mwanamke anaweza kulia kwa sababu chumvi imezidi, kukasirika kwa neno dogo, kufurahi asubuhi na jioni kutamani mimba isingekuwepo. Yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, hata aliyeitafuta mimba hiyo miaka mingi. Pua yake inanusa maradufu, na wanaposema "mimba imemchukia mume", mara nyingi kinachochukiwa ni harufu: manukato, sigara, jasho la safari, sabuni mpya. Mume aoge, abadilishe sabuni, alale upande wenye hewa, asihesabu hilo kuwa ni kukataliwa. Tendo la ndoa halimdhuru mtoto isipokuwa kama kuna damu au mkunga amekataza, lakini mwanamke anayesinzia saa moja jioni asilazimishwe.

Hofu nyingi anazozibeba zina majibu. Aliyeharibikiwa mara ya kwanza anaogopa kila anapokwenda chooni; ajue kwamba mimba 10 hadi 20 kati ya 100 zinazojulikana huharibika, nyingi kwa hitilafu iliyokuwamo tangu kutunga, na hazikuharibika kwa sababu alibeba dumu la maji au aligombana na wifi yake. Anayeogopa kupimwa virusi ajue kwamba bila dawa watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa, na mama akimeza dawa vizuri idadi hiyo hushuka chini ya 5. Msichana wa shule anahitaji mtu mzima wa kukaa naye kabla ya kuhitaji hotuba.

Desturi ya kuificha mimba changa tunaiheshimu, kila mtu ana sababu zake. Ila mtu mmoja ajue: dada, shangazi, jirani mwaminifu au mhudumu wa afya wa kijiji. Na watu wa karibu wapime kwa maswali mawili: katika wiki 2 zilizopita, umekuwa na huzuni karibu kila siku? Umepoteza hamu ya vitu ulivyovipenda? "Ndiyo" kwa lolote kati ya hayo ni sababu ya kuja kuzungumza nasi. Akisema hataki kuishi, asiachwe peke yake hata dakika moja na aletwe siku hiyo. Akipigwa nyumbani, na vipigo huwa vinaanza au kuzidi wakati wa mimba, namba 116 ya Sauti haina malipo.

Kwa udongo na mitishamba tutasema machache. Hamu ya kula udongo mara nyingi huja na upungufu wa damu, na udongo nao unazuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo anayeula anazidi kuishiwa. Udongo mwingine una madini ya risasi, mwingine mayai ya minyoo. Apimwe wingi wa damu, ukiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, atibiwe. Mumbwa, ule udongo unaokandwa na majani na kukaushwa, hakuna anayejua kiasi cha majani kilichomo, na baadhi ya mitishamba hukaza mji wa mimba. Usitumike katika miezi hii. Mululuza, yale majani machungu yanayonywewa kwa homa, vilevile. Pombe za malwa na waragi: hatuna kiasi tunachoweza kukiita salama.

Dalili zisizongoja kesho ni hizi. Maumivu ya upande mmoja chini ya kitovu, pamoja na damu kidogo, kizunguzungu, kuzimia au maumivu kwenye ncha ya bega, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 8, yanatuonyesha mimba iliyotunga nje ya mji wake. Kipimo cha mkojo kitasoma mistari miwili kama kawaida, hakimlindi. Mrija wa uzazi ukipasuka damu humwagika ndani ya tumbo na nje hakuna kinachoonekana. Asipelekwe kituo kisicho na chumba cha upasuaji. Apelekwe moja kwa moja hospitali au kituo cha ngazi ya nne kinachofanya upasuaji, na asile njiani. Damu inayojaza pedi kwa saa moja, au yenye vipande na harufu mbaya, vilevile. Kama alikunywa kitu ili aitoe mimba, aje hivyohivyo na aseme alichokunywa. Kazi yetu hapo ni kuzuia damu na kumponya. Kukojoa mara kwa mara ni kawaida, kukojoa kwa kuungua si kawaida: aje na mkojo wake upimwe.

Mwongozo unaofuatwa Uganda unataka mjamzito aonwe mara 8, mara ya kwanza kabla wiki 12 hazijaisha. Huduma hiyo haina malipo katika vituo vya serikali tangu ada zilipofutwa mwaka 2001. Aje na tarehe ya hedhi yake ya mwisho na pakiti zote za dawa alizokwisha kumeza, hata zilizo tupu. Siku hiyo anapimwa presha, wingi wa damu, virusi na kaswende kwa tone moja la kidole, homa ya ini ya B, mkojo, na anapewa chandarua chenye dawa alale ndani yake usiku huohuo. Baadhi ya wahudumu, tunajua, bado humrudisha mama wa wiki ya 7 wakimwambia aje tumbo likionekana. Akiambiwa hivyo asiondoke. Aombe kumwona msimamizi wa kituo, aseme siku zake zilikosekana lini, na aombe ajazwe kwenye kitabu cha wajawazito siku ileile.

Wakunga wa kliniki ya wajawazito,
Busia, Uganda